Wimbo wa Baiskeli na Maksai wa Lomorukai

Mwamba ngozi huvutia kwake, husema wahenga. Lomorukai aliwamba ngozi hapa Isiolo kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote ninayemjua, na sikumwona hata mara moja akivuta upande wake kitu cha mwenzake, hata kikiwa kitu ambacho wengi wetu hatukihesabu kuwa ni mali. Wimbo, kwa mfano.

Alikuwa Mturkana mrefu, mkimya, mwenye mikono iliyonuka chumvi na ngozi mbichi hata Jumapili kanisani. Watu wa mjini walimdhania kuwa mkali. Hakuwa mkali. Alikuwa mtu aliyewahi kuwa na wimbo akaupoteza, na habari hiyo naiandika kwa sababu vijana wetu siku hizi huimba kila wanachokisikia bila kuuliza ni cha nani.

Katika ujana wake, kabla ya kuja mjini, Lomorukai alikuwa na maksai. Asiyejua mila za watu hawa atasema ng'ombe ni ng'ombe. La. Kijana hupewa maksai wake, huzipinda pembe zake zingali changa ziote atakavyo yeye, humfunga kengele shingoni, kisha humtungia wimbo. Kwenye ngoma huinua mikono juu kama pembe za mnyama wake na kuuanzisha. Wenzake huitikia, lakini kuuanzisha ni haki ya mwenyewe. Lomorukai alilelewa kuamini kwamba kuuanzisha wimbo wa maksai wa mtu bila ruhusa yake ni sawa na kufungua boma lake na kuondoka na mnyama. Maksai wake alikuwa mweusi mwenye baka jeupe begani. Alikuwa na jina pia, ila sitaliandika, maana mwenyewe hakuniruhusu.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini mvua zilikatika, na mifugo ikafa mmoja mmoja. Mkewe, Nakuam, alikuwa amejifungua binti, Gladys, na maziwa yalikuwa yamemkauka kwa njaa. Lomorukai akawachukua mkewe na mtoto, akamswaga yule maksai, mnyama wa mwisho aliyebaki, mpaka Isiolo, akamuuza, akanunua unga. Kwa kuwa hakuwa na cha kurudia nyumbani, alitafuta kibarua, akakipata kwenye banda la ngozi nyuma ya kichinjio. Juma hilohilo akaletewa ngozi za kuwamba, na mojawapo ilikuwa nyeusi yenye baka jeupe begani.

Aliiwamba. Kazi ni kazi. Akaivuta kwenye fremu, akaikwangua mafuta, akaipaka chumvi, akaisimamisha juani pamoja na nyingine. Kisha akaenda nyumbani Chechelesi, mtaa wa pale mjini walikopata chumba, na tangu siku hiyo hakuimba tena. Kanisani alisimama wakati wa nyimbo kama watu wote, mikono nyuma, midomo imefungwa. Nakuam, ambaye baadaye alikuja kuwa mwimbishaji wa kwaya yetu, alimwuliza jambo hilo mara moja tu.

"Aliyeuza maksai ameuza na wimbo," Lomorukai akamjibu.

Hakumwuliza tena.

Abdinur, Msomali mwenye hoteli ya chai karibu na soko la miraa, alikuwa na gramofoni ya betri na santuri chache. Moja kati ya hizo ilikuwa ya kijana aliyeitwa Rimberia, mtu wa kutoka huko juu Meru, aliyekwenda Nairobi na kurekodi nyimbo zake za kwanza kabla hajajulikana na mtu. Santuri yenyewe iliitwa "Mlango wa Nyuma". Mimi si mtu wa santuri. Nimeona nyumba zikivunjika kwa sababu ya baa zinazozipiga, na nimewahi kuhubiri hivyo kanisani kwetu. Lakini haki ni haki, na santuri ile ilikuwa kazi ya mtu mkweli.

Upande wa kwanza ulikuwa wa nyimbo za polepole, sauti na gitaa kavu tu. Sauti ilikuwa ya kijana ambaye bado hajafundishwa kujipamba. Mahali pa juu ilipasuka kidogo, na hawakumrudisha aimbe upya. Kabla ya ubeti wa pili wa kila wimbo ulimsikia akivuta pumzi, kama mtu anayejiandaa kubeba kitu kizito. Upande wa pili ulikuwa wa roki. Gitaa la umeme lilikwaruza kama bati linaloburutwa juu ya mawe, na ngoma zilikimbizana, lakini hata katika makelele yale maneno yalisikika, wala hapakuwa na tusi hata moja. Mtu aliyesikiliza upande wa kwanza kwa utulivu aliuelewa wa pili. Kijana alikuwa ameomboleza hadi mwisho, na sasa alihitaji kuruka.

Wimbo wa tatu wa upande wa kwanza ulihusu baiskeli ya marehemu baba yake. Hakuna jambo lililotokea katika wimbo huo. Kijana aliitaja baiskeli tu, sehemu moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayeipangusa vumbi:

*Kengele yake hailii, mpaka njia iwe mbovu,*
*Kiti chake kimechanika, upande alioegemea.*

Lomorukai aliusikia mara ya kwanza akiwa ameshika kikombe cha chai. Akakiweka mezani. Wimbo ulipokwisha akamwambia Abdinur, "Huyu anaimba ng'ombe yake."

"Ni baiskeli, mzee," Abdinur akasema. "Ng'ombe gani iko na kengele?"

"Yangu ilikuwa nayo."

Kuanzia hapo alipita hotelini kila jioni akitoka kazini. Wimbo ule ukianza, alivua kofia. Siku moja Kirimi, kijana muuza miraa aliyependa utani, alianza kuimba pamoja na santuri, akipiga meza kwa viganja. Lomorukai akamgeukia.

"Nyamaza. Hiyo wimbo iko na mwenyewe."

"Kwani ameiacha hapa tuichunge?" Kirimi akauliza, na watu wakacheka.

"Eeh. Ameiacha hapa. Basi tuichunge."

Walicheka zaidi, lakini Kirimi alinyamaza. Mwishowe ikawa desturi ya hoteli ile kwamba wimbo wa baiskeli husikilizwa kimya, na mgeni asiyejua alikanyagwa mguu chini ya meza.

Kaseti zilipoingia mjini, Abdinur alinunua redio mpya na hakuitaka tena ile gramofoni. Lomorukai akamletea mbuzi.

"Chukua na santuri," Abdinur akasema. "Lakini wewe Mturkana, ikikataa kuimba usije ukaichinja."

Hivyo gramofoni ikahamia Chechelesi, ikawekwa juu ya sanduku la nguo karibu na kitanda. Lomorukai hakuwa mtu wa kununua vitu, lakini betri alinunua. Nakuam aliupenda upande wa kwanza kama mumewe, na upande wa pili aliupenda kuliko yeye. Gladys ameniambia kwamba mama yake alisonga sima akipiga mwiko kwa kufuata ngoma za roki, mpaka jirani akagonga ukuta.

Nakuam aliugua mwaka wa themanini na tatu. Alikonda, akaacha kuuza maziwa, kisha akaacha kwaya. Hospitalini walimtazama wakamrudisha nyumbani, na wote tulielewa maana yake. Gladys, wakati huo msichana wa miaka kama kumi na miwili, alimhudumia. Lomorukai aliendelea na ngozi zake, akija mchana kumgeuza mgonjwa na kumnywesha uji.

Mchana mmoja Nakuam alimshika mkono.

"Baba Gladys, nataka nikusikie ukiimba kabla sijaenda."

"Mimi sina wimbo."

"Basi imba ile ya baiskeli. Maneno unayajua."

"Ni ya mtu."

"Huyo mtu yuko Nairobi. Atakusikia?"

"Hata asiponisikia ni yake."

Nakuam akageukia ukuta. Akasema, bila kumtazama, "Basi nenda ukamwombe mwenyewe. Lakini jua sina miaka ya kungoja."

Wengine wangesema mtu anayemnyima mkewe wimbo kitandani ana moyo wa jiwe. Mimi sisemi hivyo. Mtu akikaa maisha yake yote bila kugusa cha mwenzake, hawezi kuanza kugusa siku inayomwuma zaidi na bado akabaki yeye yule. Lakini nilimwona Lomorukai majuma yale, na nilijua kwamba haki yake ilikuwa inamla.

Haikupita muda, matangazo yakabandikwa kwenye kuta za mjini: Rimberia na bendi yake wangepiga muziki katika ukumbi wa jamii. Alikuwa maarufu sasa. Nyimbo zake mpya zilikuwa za kukata viuno, na nisingependa binti yangu azisikie. Siku ya tamasha, saa za alasiri, Lomorukai aliifunga santuri katika kipande cha ngozi laini, akaenda ukumbini.

Bendi ilikuwa ikishusha vyombo. Rimberia alikaa kivulini kwenye ngazi za nyuma, mtu mnene asiyeonekana tena kuwa kijana, aliyevaa shati la kumetameta, macho yake mekundu kwa usingizi uliokosekana na kwa vitu vingine. Lomorukai akafungua ngozi, akamwonyesha.

"Hii umeitoa wapi?" Rimberia akauliza. "Mimi mwenyewe sina. Hiyo tuliimba tukiwa na njaa, mzee. Hakuna mtu anaitaka siku hizi."

"Mimi nimekuja kukuomba ile ya baiskeli. Nataka kuiimba."

"Imba tu! Chukua. Nimekupa."

Alisema hivyo huku akimpungia mkono mtu aliyebeba spika. Lomorukai akatikisa kichwa.

"Mtu hapeani ng'ombe akiwa ameipa mgongo. Kwanza uiangalie, ukumbuke iko namna gani. Halafu unipe ama uninyime."

Wanamuziki wawili wakaanza kucheka. Rimberia hakucheka. "Unataka kuimbia nani?" akauliza. Lomorukai akamweleza habari za Nakuam kwa maneno machache, maana mengi hakuwa nayo. Rimberia akasimama, akajifuta uso kwa mkono wa lile shati lake, akasema kwa wenzake, "Nakuja." Wakatembea pamoja mpaka Chechelesi, na watoto waliomtambua wakawafuata mpaka mlangoni.

Gladys alikuwapo, na yanayofuata ni yeye aliyenisimulia.

Rimberia alimsalimu mgonjwa kwa adabu, "Habari ya mama," akapewa kigoda. Lomorukai akaweka santuri, akaishusha sindano mwanzoni mwa upande wa kwanza, siyo kwenye ule wimbo. Alitaka mwenye wimbo aingie kwa mlango. Wakasikiliza wa kwanza, wakasikiliza wa pili. Rimberia alianza kwa kutabasamu, kama mtu anayetazama picha yake ya shule. Ilipofika mahali sauti inapopasuka, tabasamu likaondoka. Wimbo wa baiskeli ulipoanza, Lomorukai akavua kofia, na Rimberia akamwona akiivua.

Ulipokwisha, Lomorukai akainua sindano. "Umeiona sasa?"

"Nimeiona."

"Unanipa?"

Rimberia alikaa akiitazama mikono yake. "Ngoja kwanza nione kama bado iko yangu," akasema, akaanza kuimba bila gitaa.

Aliimba ubeti wa kwanza. Sauti ilikuwa nzito zaidi na yenye mikwaruzo, lakini alijitahidi kuiacha bila mapambo. Alipofika ubeti wa pili akavuta pumzi, akafungua mdomo, na maneno hayakuja. Akajaribu tena. Lomorukai aliyajua yote, lakini alisimama pale kama nguzo, maana hayakuwa yake kuyatoa. Aliyemnusuru ni Nakuam, kutoka kitandani:

*Haina taa ya mbele, taa yake ni mama mlangoni.*

"Asante, mama," Rimberia akasema, akaendelea mpaka mwisho, akilia bila kujificha.

Nakuam akangoja amalize. Kisha akasema, "Umeimba vizuri, mwanangu. Mungu akubariki. Lakini mimi sikuomba wewe. Niliomba huyu."

Rimberia akamgeukia Lomorukai. "Imba, mzee. Sasa nakupa nikiwa naiangalia. Tena mbele ya mashahidi."

Lomorukai akasema, "Wewe uko na haki. Baiskeli ya baba yako uliiweka. Mimi yangu niliuza. Mtu aliyeuza yake ataimbaje ya mwingine?"

"Niliiweka?" Rimberia akashangaa. "Nani alikuambia? Mzee, ile baiskeli niliuza. Baba amezikwa, mama yuko mlangoni ananiangalia, mimi natoka nayo kwenda sokoni. Hiyo ndiyo nilinunulia gitaa. Unafikiri nilipata gitaa wapi?"

"Uliiuza."

"Mimi mwenyewe. Kwa mikono yangu."

"Na bado ukaiimba."

"Ningefanya nini kingine? Ilikuwa imeenda. Nilibaki na kuitaja."

Gladys anasema baba yake alitoka nje. Walifikiri amekasirika. Walimwona kupitia mlango amesimama uani, uso wake umeelekea upande wa kichinjio, na watoto waliokuwa wakichungulia wakarudi nyuma. Aliporudi ndani hakumtazama mgeni. Alisimama mbele ya kitanda cha mkewe, akainua mikono yake yenye makovu ya chumvi, mmoja umenyooka juu na mwingine umepinda mbele, na vidole vikakaribia kugusa mabati.

Gladys hakuwa amewahi kuona pembe za maksai yule. Aliziona siku hiyo.

Na Lomorukai akaimba. Hakuimba baiskeli. Aliimba rangi nyeusi na baka jeupe begani, na kengele, na mahali pa kunywa maji, na jina ambalo halikutajwa katika nyumba ile tangu Gladys alipokuwa mtoto wa kunyonya. Mwanzo sauti haikutaka kutoka. Ilikuwa kama mlango wenye bawaba zilizoshika kutu. Kisha ikatoka. Alipofika mahali pa kuitikiwa, Nakuam akamwitikia, kwa sauti ndogo sana, lakini kwa wakati wake hasa, kwa maana aliitikia wimbo ule katika ngoma alipokuwa msichana, kabla ya kuolewa. Wakaendelea hivyo mpaka mwisho, mume akianzisha na mke akiitikia. Katika ubeti wa mwisho, Gladys anasema, kulikuwa na maneno mapya. Yalihusu ngozi iliyosimamishwa juani.

Rimberia akasema kwa upole, "Mzee, hiyo wimbo ningeipiga na gitaa, watu wangesikia Kenya nzima. Nipe."

"Hiyo iko na mwenyewe," Lomorukai akasema.

Rimberia akainamisha kichwa na hakuomba tena. Lomorukai akamsindikiza mpaka barabara kubwa, kama mgeni anavyostahili kusindikizwa. Huko akampa ile santuri, ndani ya ngozi yake, na Rimberia akaikataa. "Wewe ndiye unajua kuichunga," akasema. Kama aliimba baiskeli ukumbini jioni ile mimi sijui. Siingii katika kumbi hizo.

Nakuam alifariki kabla ya mwezi kwisha. Tulimzika upande wa makaburi ya kanisa letu, na mimi ndiye niliyesoma neno. Sikusema mengi. Kuna watu hudhani kwamba uadilifu ni kukataa tu, na mimi mwenyewe nimefundisha hivyo mara nyingi kuliko inavyofaa. Lomorukai alikataa muda mrefu. Ilikuwa sawa kukataa cha mwingine. Alikosea kudhani kwamba na chake pia hakuwa tena na ruhusa ya kukigusa.

Kwaya ilianza wimbo wa mazishi bila mwimbishaji wake, ikayumba. Kisha, nyuma ya wanawake, alikosimama Lomorukai mikono nyuma kama alivyozoea kanisani, tukasikia sauti ya mwanamume. Ilikuwa kavu, na mara kwa mara ilipotea njia. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Tuliimba pamoja naye mpaka kaburi likajaa.